Somo: Kukusanya vitabu adimu vya mashindano ya sataranji

Kitabu cha mashindano hukusanya michezo ya shindano moja pamoja na maelezo ya mtu anayejua anachokisema. Shindano la kwanza la kimataifa lilikuwa London 1851, bingwa akawa Anderssen. Kitabu chake kilitoka 1852, mwandishi Staunton, ambaye Anderssen ndiye aliyemtoa mashindanoni. Kisome uone uchungu uliojaa humo.

Hatua ya 1: Chagua uwanja wako. Anayenunua kila anachokutana nacho huishia na rafu iliyojaa na mfuko mtupu. Shika mwandishi mmoja au kipindi kimoja.

Hatua ya 2: Jifunze kutofautisha chapa. Hapa ndipo wengi hulizwa. Chukua shindano la New York 1924, Lasker alipomaliza na pointi 16 kati ya 20, mbele ya Capablanca na Alekhine. Maelezo aliandika Alekhine, kitabu kikatoka 1925. Wachapishaji Dover wakakichapa upya 1961, na hicho ndicho utakachokutana nacho mara nyingi. Muuzaji akitangaza tu "kitabu cha 1924", mwombe picha ya ukurasa wa jina na ya mgongoni mwake, kwa sababu mwaka wa mashindano si mwaka wa kuchapwa. Vya Kisovieti vina nafuu: fungua mwishoni, utakuta maandishi madogo yanayotaja hadi idadi ya nakala zilizochapwa. Cha Bronstein kuhusu shindano la Zürich 1953, chenye michezo yote 210, kilitoka 1956 kisha 1960. Maandishi hayo ndiyo yatakayokuambia umeshika kipi.

Hatua ya 3: Kagua ndani, jalada baadaye. Hesabu kurasa. Kitabu cha shindano la Hastings 1895 kina picha za wachezaji, na picha ndizo watu hukata wakatia kwenye fremu. Pitisha kidole penye mshono. Ukigusa ukingo mwembamba uliokatwa kwa wembe, rudisha kitabu. Alama za penseli hazinisumbui hata kidogo. Napenda kuona mwenyewe wa zamani alivyobishana na bingwa pembeni mwa ukurasa.

Hatua ya 4: Linganisha bei kwa wauzaji kadhaa, na ujumlishe posta na ushuru kabla hujalipa.

Maswali ya wanachama

Swali: Nakala yangu ya Kiingereza imeandikwa P-K4. Ndiyo nini hiyo?
Jibu: Ni uandishi wa zamani. Kila safu ya wima hubeba jina la kete kubwa inayoanzia hapo, na kila mchezaji huhesabu kutoka upande wake. P ni pawn, kete ndogo ya mbele, na K ni king, yaani mfalme. Kwa uandishi wa leo, P-K4 ya mweupe ni e4, ya mweusi ni e5.

Swali: Kumbe changu kimechapwa upya. Nikiuze?
Jibu: Ya nini? Hicho ndicho cha kusomea ubaoni, chai ikimwagika hakuna msiba.

Swali: Niko Mombasa, ukungu unanimalizia vitabu.
Jibu: Pole sana. Usivifunge kwenye nailoni, unyevu hukwama humo. Acha nafasi kati ya rafu na ukuta upepo upite. Kilichoshikwa na ukungu kitenge, kikauke, kisha ukipanguse kwa brashi laini nje ya nyumba.