Namna ya kuanzisha kipindi cha afya ya uzazi katika shule ya sekondari ya Lubumbashi

Shule nyingi za mji wetu zimewahi kupokea mgeni wa siku moja. Gari linaingia uwanjani, madarasa yote yanakusanywa juani, mtu anazungumza kwa saa nzima kuhusu mimba za utotoni, fulana zinagawiwa, kisha gari linaondoka. Nia huwa njema, ila mwanafunzi wa miaka 14 mwenye swali kuhusu mwili wake hathubutu kuliuliza mbele ya umati. Mwongozo huu ni kwa prefe wa masomo (mkuu wa shule ya sekondari), mkurugenzi au mwalimu anayetaka elimu hiyo iwe kipindi cha kawaida, chenye saa yake kwenye ratiba na mwalimu ambaye wiki ijayo bado yupo.

Anza na ratiba kabla ya kutafuta mfadhili. Programu ya taifa tayari inayo kozi iitwayo kwa Kifaransa Éducation à la vie, yaani elimu ya maisha, kwa hiyo hubuni somo jipya, bali unataka somo lililopo lifundishwe kweli badala ya saa yake kumezwa na marudio ya hesabu kabla ya mtihani wa taifa. Mwoneshe mkaguzi mahali ulipoiweka. Kama shule ni ya Kanisa Katoliki, ya Kiprotestanti, ya Kikimbangu au ya Kiislamu, nenda kwa uratibu wa shule hizo mapema ukiwa na programu mkononi, na muulizane bila kuzunguka ni mambo gani kuhusu uzazi wa mpango yatasemwa darasani. Kwa maoni yangu, makubaliano finyu yaliyo wazi ni bora kuliko ukimya unaoishia kwenye ugomvi katikati ya mwaka. Mwalimu anaweza kueleza jinsi kila njia inavyofanya kazi, na huduma yenyewe ikabaki kuwa kazi ya kituo cha afya.

Kamati ya wazazi iitwe kabla ya somo la kwanza, wala si baada ya lalamiko la kwanza. Usifungue kikao kwa hotuba ya haki, kwa sababu wazazi wengi husikia humo kwamba wananyang'anywa watoto wao. Anza na wanachokijua: utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2013-2014 ulikuta kwamba asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini Kongo (DRC) walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza, na hapa Lubumbashi hakuna mtaa wa komuni za Katuba, Kenya au Ruashi usiomjua mmoja wao. Wakisema kwamba mila zetu hazizungumzi mambo haya, wakumbushe kwa upole chisungu, yaani unyago wa Wabemba, ambamo wanawake wakubwa walimfundisha msichana aliyevunja ungo habari za mwili wake na za unyumba. Kilichopungua leo ni wale shangazi na bibi waliokuwa na muda wa kufundisha. Weka orodha ya masomo mezani ipite mkono kwa mkono. Baba akisema, "Mwalimu, mnawafundisha watoto wetu uzinzi," mwalimu anaweza kumjibu, "Baba, soma orodha hii, kisha uniambie ni somo lipi ungependa binti yako alisikie barabarani kwanza." Unaweza pia kuwaeleza kwamba mwongozo wa kimataifa wa UNESCO, uliorekebishwa mwaka 2018, ulipitia tafiti nyingi na kuona kwamba elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono.

Uchaguzi wa mwalimu ndio unaoamua karibu kila kitu. Si lazima awe wa biolojia. Angalia ni nani ambaye wanafunzi humfuata baada ya kengele wakiwa na shida, kisha chagua wawili, mwanamke na mwanaume. Yeyote aliyewahi kulalamikiwa kwa kuwasumbua wasichana, au kwa kuwapa alama za masomo kwa malipo ya miili yao, asikaribie kipindi hiki, na suala lake halimalizwi kwa kumbadilishia darasa, kwa kuwa sheria ya mwaka 2006 kuhusu ukatili wa kingono inaadhibu usumbufu wa namna hiyo. Omba muuguzi wa zoni ya afya awaandae hao wawili, na sehemu ya maandalizi iwe kutamka kwa sauti maneno wanayoyaogopa: uume, uke, mfuko wa uzazi, hedhi, ndoto nyevu. Darasa litacheka. Liache licheke hadi lichoke, kisha endelea kwa sauti ileile. Hata kama daftari linaandikwa kwa Kifaransa, maswali yaruhusiwe kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo mtoto ataitumia akifika nyumbani.

Sasa sanduku la maswali, ambalo ndilo moyo wa kazi hii na ambalo shule nyingi huliharibu kwa kulitundika ukutani penye macho ya wote. Anayekwenda kutumbukiza karatasi hapo anaonekana, na kufikia mchana ameshapewa jina. Fanya hivi: dakika kumi kabla ya kipindi kwisha, gawa vipande vya karatasi vinavyolingana, na kila mwanafunzi aandike, hata asiye na swali. Huyo aandike jina la timu anayoipenda (jiandae kusoma Mazembe mara nyingi). Hivyo kalamu zote zinatembea kwa wakati mmoja na hakuna anayejua nani ameuliza nini. Walimu wawili peke yao wanafungua sanduku, wanapanga maswali, na wanayajibu wiki inayofuata bila kusoma mwandiko hadharani. Swali la matusi lijibiwe pia ikiwa ndani yake mna swali la kweli, na mara nyingi limo.

Chukua swali linalorudi kila mwaka: je, ni kweli kwamba mara ya kwanza haileti mimba? Jibu fupi ni hapana, lakini mwanafunzi anahitaji sababu. Yai hutoka kabla ya hedhi, kwa hiyo msichana anaweza kushika mimba hata kabla hajaiona hedhi yake ya kwanza. Mbegu za mwanaume huweza kuishi hadi siku tano mwilini mwa mwanamke, na kuoga au kujiosha haraka hakuziondoi. Katika miaka ya mwanzo mzunguko hurukaruka, kwa hiyo kuhesabu siku kwenye kalenda kunawadanganya wengi. Kondomu ndiyo njia inayokinga mimba na VVU kwa pamoja, ikitumiwa sawasawa kila mara. Mwalimu asiyejua jibu aseme atamuuliza muuguzi, na kweli amuulize.

Kuhusu umri, msichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya 9 na 14, kwa hiyo darasa la saba tayari ni kuchelewa kidogo. Shule yenye msingi ianze darasa la tano. Vipindi vichache viwe vya wasichana peke yao au wavulana peke yao, lakini somo la hedhi wavulana walisikie lote, kwa kuwa wao ndio wanaocheka sketi inapochafuka. Zungumza waziwazi kuhusu mwanaume mwenye gari anayemlipia mwanafunzi usafiri na simu, bila kumtukana msichana kwa umaskini wa kwao, na ueleze kwamba kwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto na haolewi.

Choo cha wasichana kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani, maji na pipa lenye kifuniko. Bila hayo somo la usafi wa hedhi ni dhihaka.

Mkishaanza kufundisha, watoto watasema yaliyowapata, na shule lazima ijiandae kabla ya siku hiyo. Mwalimu asiahidi siri kamili. Aseme: "Nitakusikiliza, sitasimulia shuleni, lakini kama kuna anayekuumiza nitamwambia mtu mmoja anayeweza kukulinda." Kubalianeni na kituo cha afya kilicho karibu ni nani atampokea mtoto aliyebakwa, hata Jumapili, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na vyote hufanya kazi vizuri zaidi vikiwahi. Andika saa hizo kwenye karatasi ndani ya ofisi ya prefe. Mwanafunzi aliyepata mimba abaki kwenye orodha ya darasa, apelekwe kliniki ya wajawazito, na apangiwe namna ya kufanya mitihani yake, ambayo kalenda yake haimsubiri mtu.

Walimu waweke daftari moja la maswali yote yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa, bila majina. Maswali yaleyale yakirudi mwezi wa tatu, somo halikueleweka, na lirudiwe kwa njia nyingine. Mwalimu akihamishwa, daftari hilo libaki shuleni, na anayempokea akabidhiwe pamoja na funguo za sanduku.