DVD ya harusi inagoma kwenye deki? Muulize fundi aliyeichoma

Ndugu zangu wa Kigoma, DVD ya harusi ikicheza vizuri kwenye kompyuta ya fundi pale Mwanga, halafu deki ya nyumbani ikadai hakuna diski, msikimbilie kununua deki mpya. Weka kwanza DVD nyingine. Ikicheza, deki ni nzima na shida iko kwenye uchomaji.

Deki nyingi za zamani hazisomi faili la MP4 lililonakiliwa tu. Zinataka DVD ya video hasa, ile ambayo ukiifungua kwenye kompyuta unakuta folda la VIDEO_TS. Mwambie fundi aichome hivyo, kwa kasi ndogo, na mwishoni aifunge diski kabisa (yaani akamilishe uandishi wake, “finalize”), maana isipofungwa kompyuta itaisoma lakini deki nyingi zitaikataa. Hili la kufunga ndilo mafundi wengi wenye haraka huliruka, na linaudhi kweli, kwa sababu mteja ametoka mbali hadi mjini. Kabla hujalipa, omba ijaribiwe kwenye deki, si kwenye kompyuta.

DVD halisi ya filamu iliyoletwa kutoka Marekani ni jambo jingine: DVD za filamu hugawanywa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia; ile ni ya kanda 1, sisi Tanzania tuko kanda 5, na deki iliyofungiwa kanda yetu haitaicheza hata ukiisafisha vipi.

Vumbi la kiangazi nalo lipo. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe.