Jinsi ya kuotesha kifauongo kwenye kopo

Kifauongo bila shaka unakijua, kile kimmea kinachotambaa chini pembeni ya njia, maua yake ya pinki ya duara kama kipira cha manyoya, ukigusa majani yanajikunja fasta yanajifanya yamekufa. Sisi kilituchelewesha sana shule, mnachuchumaa watu wanne mnashindana nani atalaza kichaka kizima kwa kupuliza tu, na mwiba ukikuchoma unakaza uso wasikucheke.

Sasa nimekiotesha dirishani. Tafuta vile viganda vyenye vinywele vilivyokauka vikawa kahawia, vinakaa kwa mafungu pale ua lilipokuwa, vikatekate utoe mbegu. Usipande hivihivi! Mimi nilipanda kavu, nikamwagilia wiki na wiki nikapata mche mmoja, maana ganda lake ni gumu maji hayapenyi. Mwagia maji ya moto (yasiwe yanachemka), acha hadi kesho yake, zilizovimba ndo za kupanda. Fukia kidogo tu kama nusu sentimita, kopo liwe na matundu chini, jua la kutosha. Mbolea achana nayo, hiki ni ndugu yake maharage, mizizi yake na bakteria wanajitengenezea naitrojeni wenyewe.

Ila ardhini usipande, nakuomba. Asili yake ni Amerika ya kitropiki na kikishika shamba kukitoa ni kazi, hata kwenye kopo mimi nayakata maua yakianza kunyauka kabla hayajafunga mbegu.

Kuhusu kukigusa, pale shina la jani linapoungana kuna kama kijiungo kimejaa maji, ukigusa maji yanahama upande mmoja jani linaanguka, halafu linachukua dakika kumi, ishirini hivi kufunguka. Inakula nguvu yake, kwa hiyo watoto wasishinde wanakigusa. Utotoni tukikisumbua sana kilikuwa kinagoma tunasema kimetuzoea, kumbe ni kweli bwana, mwaka 2014 watafiti walichapisha jaribio walilokuwa wanaangusha vyungu vyake tena na tena mpaka majani yakaacha kujifunga.

Na usiku kinajikunja chenyewe bila kuguswa. Waambie watoto mapema, wangu alinijia analia ati mmea umekufa, nikamwambia subiri asubuhi, alfajiri nikamkuta kakaa mbele ya kopo anausubiri uamke.