Kurudisha mfupa wa kichwa: maji kwanza au mfupa kwanza?

Mtu aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, akatolewa kipande cha fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi, hurudi nyumbani na sehemu laini upande mmoja wa kichwa. Wengine, wiki au miezi baadaye, hukutwa pia na maji yaliyojaa kwenye ubongo. Familia inabaki na operesheni mbili mbele yake: kuziba fuvu, na kuweka mrija wa kushusha maji tumboni. Ukifika kliniki, iwe KCMC, hospitali ya rufaa mjini Moshi, au kwingine, anza na swali hili: ipi inatangulia, na kwa nini?

Mwili hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kwa siku, ilhali yaliyopo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Mrija ukiwekwa fuvu likiwa bado wazi, yanaweza kushuka kupita kiasi, ngozi ikadidimia ndani, na mgonjwa aliyeanza kutembea akarudi nyuma: mkono unalegea, maneno yanamkwama. Kwa upande mwingine, ubongo uliotuna nje hauruhusu mfupa kukaa mpaka maji yapunguzwe kwanza. Kufanya zote siku moja kunavutia anayepiga hesabu ya nauli kutoka Rombo au Same, lakini tafiti kadhaa zimekuta matatizo mengi zaidi kwa waliofanyiwa zote pamoja, maambukizi yakiwemo. Wapo pia ambao mfupa ukirudi, maji hutulia yenyewe na mrija hauhitajiki tena. Hilo ndilo ningetaka daktari alijibu kabla sijaweka sahihi.

Majibu yake yatategemea unachomweleza. Itazame ile sehemu laini asubuhi akiwa amelala, kisha akiwa amekaa muda. Kujaa akilala na kubonyea akikaa ni jambo la kutarajiwa. Ikibaki imejaa na ngumu hata akiwa amekaa, au ikizidi kudidimia wiki hadi wiki, mwambie daktari. Piga picha kwa simu, upande uleule, mwanga uleule. Inasaidia kuliko kusema "imevimba kidogo". Angalia pia kama anaburuza miguu, anajikojolea, anasahau au anasinzia mchana kutwa. Akitapika mfululizo, akipata degedege au akiwa mgumu kuamka, usingoje tarehe ya kliniki.

Kuhusu tarehe: baadhi ya madaktari hupenda kuziba fuvu ndani ya miezi mitatu hivi, uvimbe ukishaisha; wengine hungoja zaidi. Usaha kwenye kovu, homa, mkojo wenye maambukizi, kidonda cha mgongoni kwa kulala sana, chochote kati ya hivyo kinaweza kusogeza siku mbele, pengine kwa miezi. Na tafadhali, majani ya kukanda yasiguse kovu, hata kama bibi ndiye aliyeyachuma.

Ulizia mfupa wenyewe uko wapi. Huweza kuhifadhiwa kwenye friza au chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Uliochafuka au kusagika hutupwa, na badala yake hutumika titani au simenti ya mifupa. Hiyo huagizwa na kulipiwa, kwa hiyo ulizia bei mapema, pamoja na kama bima yako inagharamia.

Dawa za degedege hazikatwi bila maelekezo, hata asubuhi ya operesheni. Aspirini na dawa za kuyeyusha damu zitajwe mapema kwa daktari wa usingizi. Andaa ndugu wa kuchangia damu. Beba picha zote za CT, ingawa ya miezi miwili iliyopita haionyeshi maji ya leo na huenda akapigwa nyingine.

Kama nyumbani ni juu mlimani na masika yameanza, tafuta ndugu wa kukaa kwake mjini Moshi wiki za mwanzo baada ya kuruhusiwa. Mrija ukiziba, safari ya usiku kwenye tope inaweza kuchukua saa ambazo mgonjwa hana.