Jinsi ya kuomba cheti cha shotgani Uingereza: anza kwa daktari, si kwa polisi

Kabla ya kutoa senti, jiulize kama cheti unakihitaji kweli. Kama nia yenu ni kukutana Jumamosi, watu wanne watano, mkapokezana zamu ya kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kisha mkaenda kula pamoja, sheria haiwadai cheti. Kifungu cha 11(6) cha Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 kinamruhusu asiye na cheti kutumia shotgani, yaani bunduki ya marisau, katika uwanja na wakati ulioidhinishwa na mkuu wa polisi kwa kulenga shabaha za kutengenezwa. Mnapiga simu uwanjani, mnaweka nafasi na mwalimu, mnaazimwa bunduki na kununua risasi hapo hapo.

Viwanja vingi vitawataka msaini kwamba hakuna kati yenu anayezuiwa na kifungu cha 21 cha sheria hiyo hiyo. Tafadhali lichukulieni kwa uzito. Aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi haruhusiwi kushika silaha maisha yake yote. Aliyehukumiwa miezi 3 au zaidi lakini haikufika miaka 3, anasubiri miaka 5 tangu atoke. Usimsukume rafiki asaini kwa sababu tu mmeshalipia.

Cheti unakihitaji unapotaka bunduki yako mwenyewe, inayokaa vizuri begani mwako. Na hapa kuna jambo linalowafaa marafiki: mmoja wenu akiwa na cheti na bunduki, wengine wanaweza kuitumia katika uwanja ulioidhinishwa bila kila mtu kuomba cha kwake. Kwa hiyo kaeni chini, mkubaliane nani ana nyumba inayofaa, ana ratiba tulivu na amekaa nchini vya kutosha. Huyo ndiye aombe.

Bastola isahauni. Baada ya mauaji ya shuleni Dunblane mwaka 1996, waliokufa wakiwa watoto 16 na mwalimu wao, bastola karibu zote zilipigwa marufuku kwa raia mwaka 1997. Mtu aliyezoea viwanja vya kulenga bastola Nairobi aelewe kwamba huku mchezo wa kawaida ni shotgani, au bunduki yenye mfuo (rifle) ambayo ina cheti chake kigumu zaidi. Ninayoeleza hapa ni ya shotgani, kwa England na Wales.

Ada ya cheti kipya ni pauni 194 tangu Februari 2025, kutoka pauni 79.50. Cheti kinadumu miaka 5. Fomu yenyewe iko kwenye tovuti ya polisi wa eneo lako na haina ugumu. Lakini usiifungue bado.

Anza na daktari. Hatua hii ndiyo iliyonilia muda na fedha kuliko nyingine zote zikijumlishwa, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Agosti 2021, huko Keyham, Plymouth, kijana aliyekuwa amerudishiwa shotgani na cheti chake na polisi wiki chache tu kabla aliua watu 5. Kuanzia Novemba mwaka huo polisi hawatoi cheti mpaka daktari aliyesajiliwa athibitishe kwa maandishi historia yako ya afya. Ninaunga mkono sharti hilo kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba ada ya daktari haikupangwa na serikali, na hakuna sheria inayomlazimisha GP wako, yaani daktari wa kliniki uliyojisajili, kuijaza fomu hiyo.

Kliniki yangu iliipokea fomu, ikachukua malipo, ikakaa nayo. Kila nilipouliza niliambiwa iko kwa daktari. Mwishowe nikajulishwa kwamba daktari hajazi fomu za silaha kwa sababu za dhamiri yake. Ni haki yake kabisa, lakini ningeambiwa siku ya kwanza ningekuwa nimeshasonga mbele. Fedha zilirudi baadaye, muda haukurudi. Wewe fanya hivi: kabla ya kulipa, andika barua pepe kwa meneja wa kliniki umuulize mambo matatu. Je, madaktari wa hapo wanaijaza fomu ya afya ya cheti cha silaha? Ada ni kiasi gani? Itachukua muda gani? Jibu lije kwa maandishi. Wakikataa, hujakwama, kwa sababu fomu inaweza kujazwa na daktari mwingine yeyote aliyesajiliwa, wakiwemo wa binafsi wanaofanya kazi hiyo kila siku. Huyo atahitaji kuona rekodi yako. Iombe kliniki kwa maandishi kama taarifa zako binafsi: kisheria hupewa bure, na kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja.

Daktari haamui kama upewe cheti. Kazi yake ni kueleza kilichomo kwenye rekodi: sonona na wasiwasi, mawazo ya kujidhuru, matatizo ya akili, kifafa na magonjwa mengine ya ubongo, ulevi, dawa za kulevya. Anayeamua ni polisi. Nalisema hili kwa ajili ya wale miongoni mwetu wanaoogopa kwenda kwa daktari kueleza msongo wa mawazo wakidhani watajiharibia. Sonona iliyotibiwa haikufungii mlango yenyewe; kuificha kwenye fomu ndiko kunakofunga, na kusema uongo ili upate cheti ni kosa la jinai. Na kama hivi sasa hauko sawa, tafuta tiba kwanza. Visahani vitakungoja.

Pili ni wadhamini, na hapa watu wetu wengi hukwama. Tangu Agosti 2025 shotgani inahitaji wadhamini wawili badala ya mmoja. Kila mmoja awe amekufahamu kwa angalau miaka 2, awe anaishi Uingereza, asiwe ndugu yako, asiwe askari polisi wala mfanyabiashara wa silaha. Mjomba aliyekupokea uwanja wa ndege hafai. Rafiki wa tangu utotoni aliyeko Mombasa hafai pia, hata kama ndiye anayekujua kuliko wote. Tafuta mfanyakazi mwenzako wa siku nyingi, jirani, mwenzako wa msikitini au kanisani. Mweleze mapema kwamba polisi wanaweza kumpigia simu kumuuliza kuhusu hasira zako, unywaji wako na mambo ya nyumbani, na mwombe aseme ukweli.

Sasa fungua fomu. Kipengele cha makosa ya zamani kijaze chote, hata lililofutika kwa kupita miaka, hata faini ya mwendo kasi, hata la nje ya nchi. Faini ya kuegesha gari tu ndiyo usiyoiandika. Kama miaka yako huku ni michache, andaa cheti cha tabia njema kutoka nyumbani, maana kukipata ukiwa mbali huchukua muda na polisi wanaweza kukihitaji. Sababu ya kutaka shotgani iandike wazi: kulenga visahani, na taja uwanja mnaokwenda. Uanachama wa CPSA, chama cha mchezo huu chenye makao yake Bisley, si lazima kisheria, lakini huja na bima na unaonyesha kwamba mchezo unaucheza kweli.

Baadaye atakuja nyumbani afisa wa kitengo cha silaha. Atataka kuona kabati la chuma, na kiwango cha ubora cha Uingereza kinachotajwa mara nyingi ni BS 7558. Linafungwa kwa boliti kwenye ukuta wa matofali, mahali ambapo mgeni halioni. Kama nyumba umeipanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kutoboa ukuta. Kuta za bodi nyepesi hazishiki boliti vizuri, basi mwulize fundi.

Swali zito litakuwa nani anaishi hapo, na nani anajua funguo zilipo. Jibu sahihi la swali hilo la funguo ni wewe peke yako. Mke hajui, mume hajui, watoto hawajui. Kwa nyumba zetu, ambapo shangazi huja kwa wiki mbili akakaa miezi mitatu na kulala kwenye chumba cha akiba, hili lazima mlizungumze kabla. Kabati lisiwe kwenye chumba cha wageni. Mweleze mwenzi wako pia kwamba anaweza kuhojiwa, na kwamba ana haki ya kusema kama hataki silaha ndani ya nyumba. Akisema hataki, acheni. Endeleeni kuazima bunduki uwanjani, raha ni ile ile.

Halafu ni kusubiri. Muda hutofautiana sana kati ya jeshi moja la polisi na jingine, na miezi kadhaa ni jambo la kawaida. Usinunue bunduki kwa matumaini.

Cheti kikija, kisaini kwa wino. Unaweza kumiliki shotgani zaidi ya moja kwa cheti hicho hicho, alimradi kabati linatosha, na kila unaponunua au kuuza una siku 7 za kuwaarifu polisi. Ukihama nyumba, waarifu pia. Kuhusu kuhuisha, ambako ni pauni 126, tuma maombi angalau wiki 8 kabla ya cheti kuisha. Ukifanya hivyo na polisi wakachelewa, cheti cha zamani kinaendelea kutumika hadi wiki 8 zaidi. Fomu ya daktari inahitajika upya wakati huo, kwa hiyo ile barua pepe ya meneja wa kliniki itume mapema zaidi ya hapo.