SOMO: Jinsi ya kuandika wasifu wa bibi kwa kuzunguka shamba lake

Wakuu salama? Hili somo nimeliahidi siku nyingi nikawa napiga kalenda, leo mvua imenifungia ndani ngoja niandike.

Bibi yetu tulimzika kihambani kwake, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, huko Machame, Kilimanjaro. Siku ya mazishi MC akasoma wasifu wa dakika mbili, mnaujua ule, marehemu alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alijaliwa watoto 9, alikua anasumbuliwa na presha, ameacha wajukuu kadhaa. Kadhaa! Mtu kaishi karibu miaka 90, kapalilia mpaka wiki mbili kabla hajalazwa, halafu "kadhaa". Na simlaumu mtu maana ile karatasi niliiandika mimi usiku wa manane kwenye simu. Kwa ibada ya mwaka mmoja tukaandika upya na safari hii tulikaa nayo miezi miwili, hivi ndo tulivyofanya.

HATUA YA 1: Makaratasi weka pembeni kwanza
Kitambulisho cha bibi kinasema 01/07/1940. Ukikusanya vitambulisho vya wazee wa pale kijijini utadhani wote walizaliwa siku moja. Wazee hawahesabu hivyo, wanahesabu kwa matukio, kwahiyo chora mstari kwenye daftari uweke matukio ambayo tarehe zake zinajulikana: vita ya Hitla kuisha 1945, Marealle kuchaguliwa Mangi Mkuu (chifu mkuu wa Wachaga) 1951, uhuru 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha 1967, vita ya Kagera 1978 mpaka 79, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine Aprili 1984, mvua za elnino 1997. Halafu ndo uulize, bibi alikua wapi hapo? Shangazi mkubwa akasema siku ya uhuru bibi alikua na mtoto wa nne mgongoni na yeye shangazi ameshikwa mkono. Bibi mdogo wa upande wa pili akasema aliolewa "kahawa zilipokua zinalipa" na Marealle ndo kashika uongozi. Basi tukapata aliolewa kama 1952 akiwa msichana wa miaka 16 au 17. 1940 ikafa hapo hapo.

HATUA YA 2: Ingia shambani na mtu aliyekua analima nae
Hii ndo somo lenyewe, zingine ni nyongeza tu.

Kwetu kahawa ilikua ya babu. Jina kwenye daftari la chama la babu, hela ya msimu anapokea babu, KNCU, ule ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanza 1933, unamjua babu. Migomba ndo ilikua ya bibi, na maziwa, na mboga, yaani vile vitu vilivyotulisha kila siku ambavyo hakuna aliyeviandika popote. Ukitegemea karatasi utaandika maisha ya babu halafu umtaje bibi kama mke wake. Ndo maana nasema ingia shambani.

Mimi niliingia na mama mmoja jirani aliyekua anasaidiana nae kukata majani ya ng'ombe miaka mingi. Simu mfukoni inarekodi, mdomo nimefunga, yeye anaonyesha na panga. Hii mishare (migomba ya ndizi za kupika) ya hapa juu alikuja na machipukizi yake kichwani kutoka kwa mama yake wiki ya kwanza baada ya kuolewa. Yale magimbi kando ya mfongo (mfereji wa maji ya kumwagilia) aliyapanda mwaka ule vyama vya ushirika vilivunjwa, 1976, hela ya kahawa ikawa haieleweki, akawa anashuka nayo sokoni alfajiri, ada ya baba mdogo ilitoka hapo. Ule mparachichi ulitoka kwenye kokwa la parachichi alilopewa hospitali alipojifungua mtoto wa mwisho. Haya masale ya mpakani nilijua ni mpaka tu, kumbe jirani alimletea sale, ambalo kwa Wachaga ndo mmea wa msamaha, kuomba radhi baada ya ugomvi wa maji ya mfongo, bibi akalichomeka pale pale na sasa ni ukuta mzima.

Halafu tukafika nyuma ya banda nikakuta migomba imefungwa vipande vya kanga vilivyopauka. Kila mjukuu alikua na shina lake, akizaliwa bibi anachana kanga anafunga. Cha kwangu kimebaki nyuzi. Tuliyahesabu, 34. Hao ndo "kadhaa" wangu.

Kabla hujatoka omba uone panga lake. La bibi lilinolewa mpaka likabaki upana wa vidole viwili.

HATUA YA 3: Andika kwa kufuata mimea, sio miaka
Anza mlangoni malizia bondeni. Kila mmea sentensi mbili tatu, aliupata wapi, ulimsaidia nini. Kurasa mbili zinatosha, zaidi ya hapo watu wanaanza kuangalia sufuria. Msomaji awe anayejua kutamka majina ya nyumbani sio MC wa kukodi.

HATUA YA 4: Hesabu watu wote
Waliokufa wachanga waandikwe, na watoto wa nduguze aliowalea. Hapa patakua na kelele, vumilieni.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu bibi yetu alikua mke wa pili, wazee wanasema tusiandike kwasababu kanisani haikutambulika. Tufanyeje?
Jibu: Andika shamba alilopewa na alivyolilima, wanaojua watajua. Ila watoto usiguse, wote waingie kwa majina. Sisi tulimwacha mmoja kwenye rasimu ya kwanza, shangazi hakuongea na mimi wiki tatu.

Swali: Shamba limeshauzwa, sasa hivi ni gesti. Nazunguka wapi?
Jibu: Pole sana. Kaa na wale waliopewa miche na yeye. Mtu mwenye mkono wa kupanda huwa hali peke yake, lazima kuna mtaa mzima una mbegu zake. Pita nyumba kwa nyumba.

Swali: Hivi hizi habari za magimbi kwenye ibada si ushamba? Watu wanataka kusikia marehemu alikua mcha Mungu.
Jibu: Yalikua magimbi yaliyosomesha, mkuu. Mchungaji mwenyewe aliomba nakala.

Swali: Mimi naishi Mbeya nataka nichukue mshare wa bibi nipande kwangu, utafika mzima? Naogopa kuhamisha magonjwa.
Jibu: Mbeya panafaa, mshare unapenda ubaridi. Chukua chipukizi lenye majani membamba kama upanga, sio lile lenye majani mapana. Litoe kwenye shina lisilonyauka wala kuwa njano, maana mnyauko ukishakuwemo ndani hakuna dawa. Kata mizizi yote, menya tunguu (kile kitako cha chini) mpaka libaki jeupe, ukiona mashimo ya fukusi, wale wadudu wanaotoboa, tupa. Halafu lichovye kwenye maji yanayochemka sekunde 30 tu, usilisahau likawa mtori. Shimo futi mbili kwa mbili, samadi iliyooza debe moja au mawili. Likishakua acha mama, mtoto na mjukuu kwenye shina, mengine ondoa.

Swali: Na kipande cha kanga unafunga wakati wa kupanda au likishashika?
Jibu: Bibi alikua anafunga likitoa jani la tatu. Sababu hakusema na mimi sikuwahi kuuliza.