Rafiki anapokuja Seoul na wewe unakaa na familia ya Kikorea

Usimwambie rafiki "njoo tu" kabla hujazungumza na mama wa nyumba. Sisi tumezoea mgeni kupiga hodi na mchuzi kuongezwa maji. Hapa wengi wanakaa kwenye fleti, na hata ndugu wa damu hupiga simu kwanza.

Nilijifunza kwa aibu. Rafiki zangu wawili walikuwa wanakuja kutoka mji wa Daejeon, kama saa moja kwa KTX, treni ya mwendo kasi, nikawaahidi watalala kwangu. Baada ya ahadi ndipo nikamwomba mama, ambaye namwita eomeoni, yaani mama kwa Kikorea. Akatabasamu, akavuta hewa kwenye meno, akasema, "Jom himdeul geot gatayo." Yaani, naona itakuwa ngumu kidogo. Nikadhani ndiyo kwanza tunaanza kujadiliana, kumbe nimeshakataliwa. Binti yao mkubwa ndiye aliyenieleza usiku ule jikoni, nikalazimika kuwapigia wenzangu na tiketi wameshakata.

Kwa hiyo omba wiki mbili kabla, tena omba kidogo. Taja ni nani, mwanamke au mwanamume, siku gani, saa ngapi ataingia na saa ngapi ataondoka. Hapohapo mwachie mama njia ya kukataa bila kuona haya: mwambie kukutana nje pia ni sawa. Akijibu "saenggakhae bolgeyo", nitafikiria, nyamaza. Ukimkumbusha mara mbili unambana. Akiwa amekubali kwa moyo utajua, maana ataanza mwenyewe kuuliza mgeni anakula nini. Na kama familia umeipata kupitia chuo au wakala, soma mkataba wako, kwa sababu wengine hawaruhusu kabisa mgeni kulala.

Mimi sasa siombi malazi. Wageni wangu wanapanga nyumba ya wageni upande wa Hongdae, mtaa wa hapa Seoul, na kama ni usiku mmoja tu, wanalala jjimjilbang, bafu la umma lenye ukumbi wa sakafu yenye joto ambako watu hulala na nguo wanazopewa pale. Mtahadharishe mapema: sehemu ya kuogea watu huwa uchi, wanawake kwao na wanaume kwao.

Nyumbani wanakuja mara moja, kwa chakula cha jioni. Hapo ndipo pa kuweka nguvu zako zote.

Kama rafiki hali nguruwe, mwambie mama siku kadhaa kabla, na usiishie kusema "hali nguruwe". Nguruwe anaingia hata pasipodhaniwa: kimchi jjigae, mchuzi wa kimchi (mboga zilizochachushwa kwa pilipili), mara nyingi hupikwa naye, na kimbap, wali uliovingirishwa kwenye mwani, nyingi zina hemu ndani, nayo ni nyama ya nguruwe. Mimi nilikaa na eomeoni tukapitia alichopanga kupika chungu kwa chungu, akabadilisha supu kwa furaha. Angeambiwa mezani, chakula kikiwa tayari, ingemuumiza sana.

Rafiki asije mikono mitupu. Boksi la matunda linatosha. Majira ya baridi machenza ya kisiwa cha Jeju yanapendwa na kila mtu. Mmoja wa wageni wangu aliongeza kanga. Eomeoni aliipokea kwa mikono miwili, akaikunjua yote juu ya sakafu, akapitisha kidole kwenye maandishi akitaka aelezwe neno moja moja. Zawadi itolewe kwa mikono miwili vilevile.

Mlangoni viatu vinavuliwa. Bafuni kuna kandambili zake, na zinabaki humohumo. Mgeni wangu mmoja alitoka nazo hadi sebuleni, nikamwona eomeoni akipiga magoti kufuta maji bila kusema neno. Mezani mkubwa wa umri ndiye anayeanza kula. Kabla ya kula mgeni aseme "jal meokgesseumnida", nitakula vizuri, akimaliza "jal meogeosseumnida", nimekula vizuri. Vijiti visisimamishwe kwenye wali, ndivyo wanavyowawekea marehemu. Mfundishe haya njiani kwenye treni, usimsahihishe mbele ya watu.

Namba za kufuli la mlango usimpe, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana. Shuka umpokee chini. Ikifika saa tatu na nusu anza kuaga: miguu inasikika ghorofa ya chini, na majirani kugombana kwa kelele za sakafu ni jambo la kawaida hapa.

Wageni wakishaondoka, osha vyombo wewe, hata ukizuiwa. Angalia na taka: mabaki ya chakula yana chombo chake, lakini mifupa ya kuku na maganda ya mayai huenda kwenye taka za kawaida, katika mifuko maalumu ya wilaya inayouzwa madukani.

Kesho yake rafiki atume ujumbe wa shukrani, sentensi mbili tu, wewe umtafsirie. Wa mwisho nilimsomea eomeoni akiwa anamenya vitunguu saumu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama yule mrefu anapenda kimchi ya figili, amtengee kopo.